Mashine Haidhulumu, Masharti Ndiyo Hudhulumu

Ubishi kuhusu chesi ya mtu na kompyuta hauna msimu. Lodwar utaukuta popote vijana wanapotandaza ubao wa chesi. Kakuma ndiyo usiseme, kwa kuwa huko FIDE, shirikisho la chesi la dunia, na UNHCR walianzisha mradi wa kuwafundisha wakimbizi mchezo huu mwaka 2021. Kijana anacheza na programu iliyo kwenye simu, anafungwa mara tatu mfululizo, anaizima kwa hasira na kusema kwamba kushindana na kitu kisicho na roho si kushindana. Wa pembeni anadakia: hata Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa enzi hizo, alidhulumiwa na kompyuta kule New York. Mwingine anauliza, ikiwa mashine ilishinda kwa kufuata sheria, dhuluma iko wapi? Kuanzia hapo hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Nayajibu madai yao hapa, ya upande huu na ya upande ule. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mechi kati ya gwiji wa chesi na kompyuta yaweza kuwa ya haki, na za namna hiyo zimechezwa. Ile maarufu kuliko zote, ya Kasparov mwaka 1997, haikuwa ya haki, ila si kwa sababu zinazotajwa vijiweni.

"Kompyuta haichoki, haiogopi, haisikii joto. Binadamu atashindanaje nayo?"

Anayesema kompyuta haisikii joto hajawahi kuacha simu juani Lodwar saa nane mchana. Simu ikipata moto hupunguza kasi yenyewe, na chaji ikiisha katikati ya mchezo hakuna cha programu kali kama Stockfish wala cha nini. Lakini tuuache utani, maana dai lenyewe lina uzito.

Kuchoka kumekuwa sehemu ya chesi tangu zamani, hata pale wachezaji wote wawili wanapokuwa watu. Mwezi Septemba 1984 Anatoly Karpov alianza kutetea taji lake Moscow dhidi ya Kasparov. Sharti lilikuwa kwamba atakayeshinda michezo sita kwanza ndiye bingwa. Karpov alikuwa na miaka 33, Kasparov 21. Walicheza michezo 48 kwa miezi mitano, arobaini kati yake ikaisha sare, Karpov akakonda watu wakamwona. Tarehe 15 Februari 1985 rais wa FIDE, Florencio Campomanes, akaisimamisha mechi bila mshindi, Karpov akiwa mbele kwa ushindi 5 dhidi ya 3. Hakuna aliyesema kijana asicheze tena na mtu aliyemzidi umri kwa miaka kumi na miwili. Walichofanya ni kurekebisha masharti: mechi iliyofuata mwaka huo huo iliwekewa kikomo cha michezo 24.

Dawa ya uchovu ni hiyo hiyo kwa kompyuta. Siku za kupumzika, idadi ndogo ya michezo, saa za kutosha. Gwiji Vladimir Kramnik alipokutana na programu ya Deep Fritz huko Manama, Bahrain, Oktoba 2002, walipangiwa michezo minane tu, na siku za mapumziko zikawekwa kati yake. Kramnik aliongoza kwa pointi 3 dhidi ya 1, akapoteza michezo miwili, mechi ikaisha 4 kwa 4. Aliteleza, ndiyo. Lakini hakuteleza kwa sababu mtu alimnyima usingizi.

Kuhusu woga sina la kuongeza. Bondia asiye na woga haambiwi amevunja sheria.

"Mashine inacheza na kitabu mkononi."

Hili ndilo dai lao zito kuliko yote, na anayelipuuza hajalielewa. Programu za chesi hupewa hazina ya michezo ya kufungulia, maelfu kwa maelfu ya mistari iliyochezwa na mabingwa, na hatua za mwanzo huzichukua humo bila kufikiri. Mwishoni kete zikipungua kuna hazina nyingine, iliyokokotolewa hadi tamati. Kufikia mwaka 2012 watafiti wa Moscow walikuwa wamemaliza hali zote za kete saba ubaoni, wafalme wakiwamo. Kwa kete saba mashine haibahatishi. Inajua. Mchezaji wa kibinadamu akifumaniwa na karatasi yenye habari hizo mfukoni, anafukuzwa ukumbini.

Ila binadamu naye haji mtupu. Grandmasta huja na miezi ya maandalizi, na mistari aliyoikariri ikiwa imechambuliwa na wasaidizi wake, siku hizi kwa kompyuta hizo hizo. Tofauti ni kwamba yeye huweza kusahau. Basi tuulize: tofauti hiyo yaweza kurekebishwa kwa masharti, au haiwezekani kabisa?

Yaweza, na ilirekebishwa. Bonn, Ujerumani, kati ya tarehe 25 Novemba na 5 Desemba 2006, Kramnik alicheza michezo sita na Deep Fritz. Mkataba ulisema kwamba muda wote ambao programu ilikuwa bado inachota hatua kwenye hazina yake ya ufunguzi, Kramnik aonyeshwe hazina hiyo kwenye skrini, pamoja na takwimu zake. Kitabu kikawa cha wote wawili. Kramnik alipoteza kwa 4 dhidi ya 2, na mchezo wa pili aliupoteza kwa kosa ambalo mtoto wa shule angeliona: alimpeleka malkia wake mahali pabaya, Fritz ikamfunga kwa hatua moja. Kitabu hakikuhusika hapo hata kidogo.

Kisha ikaja AlphaZero, Desemba 2017. Kampuni ya DeepMind iliipa sheria za mchezo tu. Haikupewa kitabu wala mchezo hata mmoja wa binadamu. Ilicheza yenyewe kwa yenyewe kwa saa chache, ikaikabili Stockfish 8 katika michezo 100, ikashinda 28 na kutoka sare 72. Sasa sikiliza kilichofuata. Wataalamu walilalamika kwamba Stockfish ilionewa! Ilinyimwa hazina yake ya ufunguzi, ikapangiwa dakika moja kwa kila hatua badala ya kugawa muda wake yenyewe, ikapewa kumbukumbu finyu. DeepMind walirudia jaribio kwa masharti yaliyo karibu zaidi na ya mashindano, wakachapisha matokeo mwaka 2018: katika michezo 1,000 AlphaZero ilishinda 155 na kupoteza 6.

Hapo palikuwa na mashine mbili. Hakuna aliyechoka, hakuna aliyeogopa, hakuna aliyeacha familia nyumbani. Na bado palikuwa na malalamiko ya haki, tena ya msingi, na yaliondolewa kwa kubadilisha masharti. Wanaodai kwamba tatizo ni mashine kutokuwa mtu wanifafanulie hilo.

"Kasparov alichezwa. Kulikuwa na grandmasta amejificha nyuma ya Deep Blue."

Kwanza tuyapange mambo yalivyokuwa, kwa sababu watu huanza hadithi hii katikati. Februari 1996, Philadelphia, Kasparov alikutana na Deep Blue ya IBM. Alipoteza mchezo wa kwanza, mara ya kwanza kwa bingwa wa dunia aliye madarakani kufungwa na kompyuta kwa saa za kawaida za mashindano. Akajipanga, akashinda mechi 4 kwa 2. Wahandisi wakarudi kazini. Mei 1997 walikutana tena New York kwa michezo sita. Safari hii mashine iliweza kupitia hali za ubao zipatazo milioni 200 kwa sekunde moja.

Mchezo wa kwanza Kasparov alishinda. Karibu na mwisho wake Deep Blue ilicheza hatua isiyoeleweka, ikiipeleka ngome mahali pasipo na faida. Murray Campbell, mmoja wa walioiunda, alikuja kueleza baadaye kwamba ilikuwa hitilafu: programu ilishindwa kuchagua ikaokota hatua yoyote. Mchezo wa pili mashine ilifanya kinyume cha tabia ya kompyuta za wakati huo. Iliacha kujilimbikizia askari waliokuwa wazi, ikachagua kuubana ubao taratibu kama bingwa mzee. Kasparov akashtuka. Alisalimu amri, na kabla ya mchezo wa tatu wachambuzi walikuwa wameshagundua kwamba pale alipokata tamaa angeweza kulazimisha sare. Michezo mitatu iliyofuata ikawa sare. Mchezo wa sita, tarehe 11 Mei, ukaisha kwa hatua 19, baada ya yeye kuchagua mpangilio wa ulinzi usio wa desturi yake na Deep Blue kutoa farasi kafara. Jumla pointi 3½ kwa 2½.

Mbele ya waandishi wa habari Kasparov alitaja mkono wa Mungu wa Maradona, lile bao la Kombe la Dunia la 1986. Maana yake kila shabiki wa kandanda aliielewa: kuna mkono wa mtu humu.

Ushahidi wa mkono huo haujapatikana hadi leo. Kumbukumbu za mashine alizozidai zilikuja kuwekwa wazi, na hatua aliyoitilia shaka programu za leo huiona bila shida. Kasparov mwenyewe, katika kitabu chake Deep Thinking cha mwaka 2017, alilegeza tuhuma hizo na kukiri kwamba alicheza vibaya. Kwa hivyo wanaoendelea kuimba habari ya grandmasta aliyejificha wanamtetea Kasparov kuliko anavyojitetea mwenyewe.

Lakini msikimbilie kupiga makofi upande wa pili. Ukiacha mzuka wa grandmasta aliyejificha, magrandmasta wa kweli walikuwapo hadharani. Joel Benjamin na Miguel Illescas walikuwa kwenye kikosi cha IBM na walilipwa kwa kazi ya kuinoa mashine. Hilo si kosa, kila bingwa ana wasaidizi. Makosa yako kwingine, nami nayahesabu manne.

IBM ilikuwa mshindani, na ndiyo iliyoandaa na kugharamia mechi. Ya Philadelphia iliandaliwa chini ya chama cha wataalamu wa kompyuta, ACM. Ya New York ilikuwa nyumbani kwa mpinzani. Pili, kikosi cha Deep Blue kilikuwa na michezo yote ya Kasparov tangu utotoni mwake, ilhali yeye hakupewa hata mmoja wa mashine hiyo mpya aujifunze. Tatu, mkataba uliwaruhusu wahandisi kuirekebisha programu kati ya mchezo na mchezo, kwa hivyo aliyeketi naye Jumapili hakuwa yule yule kamili wa Jumamosi. Nne, alipoomba kumbukumbu za mchezo wa pili wakati mechi ikiendelea hakupewa, na alipoomba marudiano IBM ilikataa ikaivunja mashine. Nusu yake iko kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington, nusu nyingine California. Bingwa wa kibinadamu aliyechukua taji halafu akatoweka asionekane tena ubaoni angeitwa majina yote.

Mtu ataniambia Kasparov aliutia sahihi mkataba ule kwa mkono wake, akaondoka na dola 400,000 za mshindwa dhidi ya 700,000 za mshindi. Kweli. Alijiamini mno, hakusoma maandishi madogo kama mtu anayejua anaweza kupoteza. Hilo lamwondolea haki ya kulia, lakini haliugeuzi mkataba mbaya ukawa mzuri.

Linganisha na Bahrain. Kramnik alipewa nakala ya Fritz miezi kadhaa kabla ya mechi akakae nayo, aichokonoe, aitafutie udhaifu. Mashine iliyomkabili Manama alikuwa anaijua. Tofauti kati ya mechi hizo mbili haiko kwenye kasi ya chuma wala kwenye roho. Iko kwenye karatasi waliyotia sahihi.

"Kitu kisichofikiri hakiwezi kuitwa mpinzani."

Hili hupendwa na walimu. Jibu lake ni fupi. Kiti cha mbele ya Kasparov hakikuwa kitupu. Alikaa mtu, na mmoja wa waliokaa hapo alikuwa Feng-hsiung Hsu, aliyeanza kazi ya kubuni mashine ile akiwa mwanafunzi. Kasparov alishindana na watu waliotumia chombo. Sisi wa Turkana tusione ajabu. Zana za mawe kongwe kuliko zote zinazojulikana, zenye miaka milioni 3.3, zilichimbuliwa Lomekwi, upande wa magharibi wa ziwa letu.

Na asidhani mtu kwamba mabingwa wote walijiona wameshushiwa hadhi. Marion Tinsley, profesa wa hisabati wa Marekani, alikuwa bingwa wa drafti ambaye kwa miaka arobaini alipoteza michezo ya kuhesabika kwa vidole. Programu ya Chinook ilipofuzu kumpa changamoto ya taji, wakuu wa mchezo walikataa. Tinsley akajiuzulu taji lake ili apate kucheza nayo. London, mwaka 1992, alishinda michezo 4, akapoteza 2, 33 ikawa sare. Mtu huyo hakuhitaji kuelezwa kama mpinzani wake anafikiri. Alitaka mpinzani wa kumtoa jasho, na watu walikuwa wameshindwa kumpatia.

"Ni sawa na mkimbiaji kushindana na bodaboda."

Mfano huu unapendeza masikioni ila una kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza ni ya historia. Hakuna siku watu walibishana nani atafika kwanza kati ya miguu na pikipiki. Chesi ilibishaniwa kwa muda mrefu. Mwaka 1989 Kasparov aliicharaza kompyuta ya Deep Thought kwa michezo miwili bila. Mwaka 2002 ilikuwa sare Bahrain. Mwaka 2003 Kasparov alitoka sare 3 kwa 3 na Deep Junior, kisha 2 kwa 2 na toleo jingine la Fritz. Kwa miaka zaidi ya kumi hivi mwenye akili timamu hakuweza kuweka dau bila kusita, na hayo ndiyo mashindano yenyewe. Mlango ulianza kufungwa London, Juni 2005, pale Hydra, kompyuta iliyofadhiliwa na kampuni ya Abu Dhabi, ilipomlaza Mwingereza Michael Adams, mmoja wa wachezaji bora duniani, kwa 5½ dhidi ya ½. Bonn ya 2006 ikaufunga kabisa. Leo nakubali: kumpeleka Magnus Carlsen akacheze na Stockfish ana kwa ana, kete sawa, ni kupoteza kodi ya ukumbi. Kiwango cha juu kabisa alichowahi kufikia Carlsen ni 2882, mwaka 2014. Orodha za kompyuta huiweka Stockfish juu ya 3500. Orodha hizo mbili hazipimwi kwa mizani moja, lakini pengo lenyewe hakuna anayelibishia.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Wanaotoa mfano huu wanadhani kwamba mahali ambapo mmoja hana nafasi ya kushinda, haki haipo. Watu wa Kakuma wasikubali wazo hilo. Mwaka 2016, Rio de Janeiro, timu ya kwanza ya Olimpiki ya wakimbizi ilikuwa na wanamichezo kumi, na watano kati yao walikuwa Wasudani Kusini waliotoka kambi ya Kakuma: Rose Nathike Lokonyen aliyebeba bendera, Yiech Pur Biel, Paulo Amotun Lokoro, Anjelina Nadai Lohalith na James Nyang Chiengjiek. Walikuwa wameanza mazoezi rasmi Ngong, chini ya mwanariadha wa zamani Tegla Loroupe, mwaka mmoja tu nyuma. Walipangwa na watu waliolelewa viwanjani tangu utotoni. Hakuna hata mmoja kati ya watano aliyevuka mchujo. Je, mbio zile hazikuwa za haki? Mstari wa kuanzia ulikuwa mmoja, saa moja, waamuzi wasio wa upande wowote, na kila mmoja alijua anakwenda kukimbia na nani. Walishindwa kihalali, na hakuna aliyewaonea huruma ya kuwadharau.

Mechi isiyolingana yaweza kuchosha watazamaji. Mechi ya dhuluma ni kitu kingine.

"Basi mashine ipunguziwe kete, ndipo haki ipatikane."

Wamejaribu. Mwaka 2007 programu ya Rybka ilicheza michezo minane na grandmasta Jaan Ehlvest huku ikianza kila mchezo bila askari mmoja, na bado ikashinda 5½ kwa 2½. Agosti 2014 grandmasta Hikaru Nakamura alipewa nafuu dhidi ya Stockfish, michezo miwili akisaidiwa na Rybka ya zamani na miwili akitangulia kwa askari mmoja. Alipoteza 3 kwa 1. Januari 2016 alipewa nafuu nyingine dhidi ya Komodo, akapoteza 2½ kwa 1½. Siku hizi kuna toleo la programu ya Leela lililofundishwa kucheza likiwa limepungukiwa farasi, na magrandmasta huhenyeka nalo katika michezo ya haraka.

Michezo hiyo inafurahisha, nami huitazama. Lakini kupunguza kete ni kutafuta msisimko. Haki haikuwa imepotea hata irudishwe kwa farasi.

Sasa nigeukie wale wa upande wa mashine, wanaosema: sheria ni zile zile, ubao ni ule ule, saa ni ile ile, basi hakuna la kulalamikia.

Wakenya tuna jibu la karibu. Aprili 2023, kwenye mashindano ya Kenya Open jijini Nairobi, mchezaji mmoja aliingia kitengo cha wanawake amejifunika niqab na kuvaa miwani, jina lake halijawahi kusikika katika chesi, akawa anawafunga wachezaji wenye majina makubwa. Waandalizi walishuku, wakamhoji kando, ikabainika ni mwanamume, mwanafunzi wa chuo kikuu. Ukiitazama michezo yake hatua kwa hatua huoni kosa. Hakuhamisha kete kinyume cha sheria wala kuichezea saa. Kila kilichotokea ubaoni kilikuwa halali, na shughuli nzima ilikuwa udanganyifu, kwa sababu wapinzani wake hawakujua wanacheza na nani. Sheria za ubaoni hazitoshi kuleta haki. Kuna masharti ya kabla ya kuketi, na hayo ndiyo New York ilikosea.

Limebaki dai moja, na ndilo linalonigusa zaidi kwa kuwa linahusu watoto walio hapa.

"Kumwacha mtoto wa Kakuma acheze na simu ni kumfundisha kushindwa."

Kenya haina grandmasta wake hata mmoja. Mtoto wa Lodwar anayetaka mwalimu bora atasafiri karibu kilomita 700 hadi Nairobi, na wa Kakuma ataongeza nyingine 120 hivi kabla ya kufika Lodwar. Tena kama ni mkimbizi hawezi kutoka kambini bila kibali cha kusafiri. Mashindano yakitangazwa leo ya wiki ijayo, kibali kisipotoka kwa wakati, nafasi imekwenda. Ukitaka kuzungumzia usawa katika chesi, anzia hapo. Mtoto wa Nairobi mwenye kocha na nauli dhidi ya mtoto wa Kakuma mwenye kibali kinachosubiri muhuri, hao wawili wanapokutana ndipo ningetaka kusikia kelele za haki.

Na katika hali hiyo simu iko upande wa mtoto wa Kakuma. Mwaka 2009 programu ya Pocket Fritz 4, ikiwa ndani ya simu ya mkononi, ilishiriki mashindano Buenos Aires ikapata pointi 9½ kati ya 10, kiwango cha kinara wa dunia. Ilikuwa ikipitia hali zisizofika 20,000 kwa sekunde, kitu kidogo sana ukikumbuka milioni 200 za Deep Blue. Stockfish hutolewa bure, na simu ya bei ya chini inaiendesha. Kile IBM ilichokijenga kwa kabati za chuma na mamilioni ya dola, leo kinachajiwa kibandani kwa shilingi chache. Mtoto wa Kalobeyei, jirani na Kakuma, na Carlsen wanatumia programu ile ile kuchambua michezo yao. Sijui mchezo mwingine ambao maskini na tajiri wana mwalimu mmoja.

Kinachoharibu ni namna ya kuitumia. Kucheza na programu kwa nguvu zake zote kila jioni ni kujitesa, mwalimu yeyote atawaambia. Ipunguzwe nguvu hadi mtoto aweze kushinda mara kwa mara. Na afadhali acheze na mwenzake kwanza, waandike hatua zao, kisha waiulize simu walikosea wapi. Mwaka 2005, katika mashindano ya intaneti yaliyoruhusu watu kutumia kompyuta, Wamarekani wawili wasio na cheo chochote, Steven Cramton na Zackary Stephen, waliwapita magrandmasta kwa sababu walijua kuziuliza kompyuta zao maswali mazuri. Hilo latosha kuonyesha kwamba kukaa na mashine ni ujuzi unaofundishika.

Mahali simu haina kazi ni kwenye ukumbi wa mashindano. Igors Rausis, grandmasta wa Latvia, alifumaniwa na simu chooni huko Strasbourg mwaka 2019, akafungiwa miaka sita na kupokonywa cheo. Hilo halitokei Ulaya peke yake. Simu iliyo mfukoni mwa mchezaji wa Lodwar leo inamzidi Kasparov wa 1997. Kwa hivyo ombi langu ni kwa wanaoandaa mashindano Turkana, ya shule, ya kaunti na ya kambini. Andikeni masharti na myabandike ukutani kabla ya raundi ya kwanza. Kusanyeni simu zote, za wachezaji na za makocha, zikae kwa mwamuzi hadi mchezo uishe. Na tarehe za mashindano zitangazwe mapema, ili wa Kakuma wapate muda wa kuomba vibali vyao.